Mkono Ulioinuka: Kumkumbuka Charlie Watts wa Rolling Stones

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na marafiki mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja ukumbini jioni hii, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine wote hamjambo.

Nilipoombwa nizungumze juu ya mwanamuziki mmoja nimpendaye, najua wengi wenu mlitarajia kwamba ningemtaja gwiji mmoja wa dansi la nyumbani. Magwiji hao nawapenda, lakini wana wasemaji wengi wanaowajua kuliko mimi. Mimi nimekuja kumsemea mtu ambaye maisha yake yote hakupenda kusemewa wala kujisemea, naye ni marehemu Charlie Watts, mpiga dramu wa Rolling Stones, kundi la roki la Uingereza, aliyefariki hapa London tarehe 24 Agosti 2021 akiwa na umri wa miaka 80. Tena nimeona vyema nimzungumzie hapa Wembley, kwa sababu hapa ndipo kwao. Mitaa hii tunayopita kila siku na mifuko yetu ya unga na ndizi mbichi ndiyo aliyokulia yeye. Nimekuja na mkanda wa video pia, ila huo nitauweka mwisho, kwa kuwa nikiuweka sasa mtamtazama mwimbaji, na aliyenileta hapa si mwimbaji.

Charlie alizaliwa tarehe 2 Juni 1941, London ikiwa vitani. Baba yake alikuwa dereva wa lori la shirika la reli. Vita vilipokwisha, familia yao ilipata makao huku Wembley katika moja ya zile nyumba za vipande vilivyotoka kiwandani na kuunganishwa papo hapo, zilizojengwa haraka kwa ajili ya watu wasio na pa kuishi baada ya mabomu. Jirani yao alikuwa mtoto mwingine aitwaye Dave Green, na watoto hao wawili waliokota ugonjwa mmoja, yaani sahani za santuri za jazi kutoka Marekani. Dave alishika besi, na zaidi ya miaka 50 baadaye, mmoja akiwa tajiri anayejulikana dunia nzima, bado walikuwa wakipiga pamoja katika vilabu vidogo vya jazi. Urafiki wa aina hiyo, ulioanzia uani na kumaliza nusu karne, hata kwetu tunaojisifu kwa ujirani si jambo la kila siku.

Alipofika umri wa miaka 14 hivi alinunua banjo, akajaribu kujifunza pa kuweka vidole, akachoka nayo. Wakati huo alikuwa amemsikia Chico Hamilton, mpiga dramu wa kundi la Gerry Mulligan, akipiga kwa vifagio vya waya badala ya vijiti. Basi kijana akaing'oa ile banjo shingo, akaliweka duara lake la ngozi juu ya stendi, akaanza kulipapasa kwa vifagio huku santuri ikicheza. Wazazi wake walipoona hivyo, Krismasi ya mwaka 1955 wakamnunulia dramu kamili. Mimi huirudia hadithi hiyo mara kwa mara akilini, kwa sababu ngoma ya kwanza ya mtu aliyekuja kupiga mbele ya makumi ya maelfu ya watu ilikuwa chombo kisicho na sauti. Alianza kwa kupapasa, na nadhani hakuacha kabisa kupapasa hata alipopewa viwanja vya mpira.

Alisoma uchoraji katika chuo cha sanaa cha Harrow, akaajiriwa katika kampuni ya matangazo ya biashara, na usiku akapiga dramu na yeyote aliyemwita, likiwemo kundi la Alexis Korner lililokuwa kitovu cha wapenzi wa bluzi hapa mjini. Alichora hata kitabu kidogo cha picha kuhusu Charlie Parker, mpiga saksofoni aliyemwabudu, akimwonyesha kwa sura ya ndege. Kijana huyu alikuwa na kazi, alikuwa na mshahara, na alikuwa na suti.

Wenzake hawakuwa na kitu. Rolling Stones walianza mwaka 1962, wapiga gitaa Brian Jones na Keith Richards, mwimbaji Mick Jagger na mpiga piano Ian Stewart, wakachukua jina lao katika wimbo wa Muddy Waters, na ndoto yao kubwa ilikuwa kupiga bluzi kama Waamerika weusi wa Chicago walivyoipiga. Walimtaka Charlie lakini hawakumudu kumlipa, na Keith ameandika kwamba walijinyima hata chakula ili wampate. Januari 1963 akakubali. Hapo ndipo mtu wa jazi alipolazimika kurudi shule, na hili alilisimulia mwenyewe bila kuona haya: Keith na Brian walimkalisha mbele ya santuri za Jimmy Reed, mwanabluzi wa Marekani, wakamwambia amsikilize mpiga dramu wake, Earl Phillips, hadi akatambua ustadi uliojificha katika mdundo ambao juu juu unaonekana wa mtoto. Wengi wetu tukishasifiwa kidogo hatukubali kufundishwa tena na watu wasiotuzidi.

Sasa naomba mnivumilie niingie katika ufundi, kwa kuwa ndio ulionipandisha jukwaani leo.

Hesabuni nami: moja, mbili, tatu, nne. Katika mdundo wa kawaida wa roki, mguu wa kulia hupiga ngoma kubwa kwenye moja na tatu. Mkono wa kushoto huipiga ile ngoma ndogo yenye nyaya chini kwenye mbili na nne. Mkono wa kulia nao hugonga yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kwa kanyagio, nao haupumziki, mara nane katika kila duru ya nne, tiki-tiki-tiki-tiki, kama cherehani ya fundi anayeshona sare za shule mwezi wa Desemba. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Charlie hakufanya hivyo. Kila mkono wake wa kushoto uliposhuka kuipiga ngoma ndogo, mkono wa kulia uliinuka kutoka kwenye matoazi ukakaa hewani kidogo, kama mtu aliyemwona mkubwa anapita mlangoni akasogea kumpisha, kisha ukarudi kazini. Palipostahili mapigo manane, yeye aligonga sita.

Mtauliza mapigo mawili yana uzito gani. Yana uzito kwa sababu pale yalipotolewa ndipo ngoma ndogo inaposikika peke yake, kavu, bila kuchanganyika na mlio wa shaba, na sikio linaipokea kama neno lililosemwa katika chumba kilichonyamaza. Tena ule mkono ulioinuka huchelewa kidogo sana kurudi, na ucheleweshaji huo ndio unaoufanya mdundo mzima uyumbe kama mtu anayetembea jioni bila haraka ya kufika. Kijiti cha mkono wa kushoto nacho alikishika kwa kiganja kilichoelekea juu, mtindo wa wapiga ngoma wa bendi za gwaride, ule ule ambao wazee wetu waliuona katika beni. Wapiga roki wengi waliuacha mtindo huo kwa sababu hautoi nguvu nyingi. Yeye aliubakiza.

Namzungumzia kama mtu aliyenikosoa, ingawa hatukuwahi kukutana. Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa nikipiga dramu katika bendi ya harusi huko Tanga, mji uliokuwa na bendi zilizojiita Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bila hata moja kupiga jazi ya Marekani, na sisi vijana tulikuwa tukijiona warithi wao. Nilikuwa na nguvu na sikuwa na masikio. Kila mwimbaji alipovuta pumzi mimi nilijaza, kila gitaa lilipotua mimi niliviringisha, na matoazi sikuyapa nafasi ya kupoa. Katika harusi moja bibi yake bi harusi aliomba kwa adabu kwamba yule kijana wa masufuria ahamishiwe mbali na meza ya wazee. Kiongozi wetu alinivuta nyuma ya jukwaa akaniambia, "Mwanangu, ngoma ivumayo haidumu." Nilinuna wiki nzima.

Miaka hiyo hiyo mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliniletea kaseti ya Rolling Stones. Niliisikiliza mara moja nikacheka, nikamwambia mpiga dramu huyu hajui kitu, hata mimi nampita. Mjomba hakunijibu. Ni baada ya kuhamia huku, nikiwa nimeshaacha kupiga, ndipo nilipomwona Charlie kwa macho katika televisheni, nikauona mkono wa kulia ukiinuka, ukiinuka tena, dakika baada ya dakika, wimbo baada ya wimbo, na nikaelewa kwamba alichokuwa akikifanya ndicho nilichoambiwa nyuma ya jukwaa nikanuna. Mtu huyu alikuwa na dramu ya Gretsch iliyotengenezwa mwaka 1957, vipande vinne na matoazi machache, katika zama ambazo wenzake walizungukwa na ngoma kama muuza vyombo sokoni.

Kuna mambo mawili katika rekodi za kundi hilo ambayo mpenzi yeyote wa dramu anapaswa kuyajua. La kwanza linahusu ule wimbo wao wa polepole wenye kwaya unaofunga albamu ya mwaka 1969, unaosema kwamba mtu hapati kila akitakacho. Charlie hakuupata mdundo wake studioni. Mtayarishaji wao, Jimmy Miller, ambaye naye alijua dramu, akakaa mwenyewe kitini kumwonyesha, na mwisho wake ni Miller anayesikika katika rekodi ile. Nimewahi kuwa katika bendi. Najua vita vinavyozuka pale mtu anaponyang'anywa kiti. Charlie hakupigana na mtu, alijifunza ule mdundo, akaupiga jukwaani miaka yote iliyofuata, na akawa halifichi jambo hilo anapoulizwa.

La pili ni "Honky Tonk Women" wa mwaka huo huo. Unaanza kwa kengele ya ng'ombe, inayopigwa na Miller yule yule, kisha dramu inaingia mahali ambapo ukihesabu kwa makini utaona kwamba mmoja wao amekosea. Charlie alikiri kwamba hakujua ni yeye au ni Miller, ila Keith aliingia sawa na gitaa lake, na hilo likasawazisha yote, na kwamba jukwaani hawakuwahi kuuanza wimbo ule kama ulivyo katika rekodi. Wimbo huo pia mwendo wake unazidi kadiri unavyosonga. Leo kompyuta ingeunyoosha ukawa kama kamba ya nguo, na naapa usingechezeka.

Maneno hayo juu ya Keith yanatupeleka kwenye siri ya kundi lenyewe. Bendi nyingi humfuata mpiga dramu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa maana yeye ndiye saa. Bill Wyman, aliyewapigia besi kwa miaka 30, alieleza kwamba kwa Rolling Stones mambo yalikuwa kinyume: Charlie alimfuata Keith na gitaa lake, kwa hiyo akawa nyuma yake kwa unywele mmoja, na besi nayo ikaegemea mbele kidogo. Ndiyo maana muziki wao unasikika kama mkokoteni uliopakiwa kupita kiasi, unaoyumba kila kona na ambao hauanguki. Makundi mengi yamejaribu kuuiga mlio huo kwa kununua magitaa yale yale. Gitaa linanunulika. Mpiga dramu anayekubali kuwa wa pili, akiwa na uwezo wote wa kuwa wa kwanza, hanunuliki.

Msinielewe vibaya nikisema alikubali kuwa wa pili, kwa sababu hakuwa mtu wa kuonewa. Keith amesimulia katika kumbukumbu za maisha yake kwamba mwaka 1984, wakiwa Amsterdam, Mick Jagger aliyekuwa amekunywa alimpigia simu Charlie chumbani usiku wa manane akiuliza mpiga dramu wake yuko wapi. Charlie aliamka, akanyoa ndevu, akavaa suti, tai na viatu vilivyong'arishwa, akateremka, akamtandika ngumi moja, na kumwambia asimwite tena mpiga dramu wake. Sisifii ngumi, na wazee mlio hapa mtanisamehe kuileta hadithi hii. Kinachonishangaza ni ile suti. Mtu aliyeamshwa usingizini kwa hasira akapata subira ya kunyoa ndevu ndiye yule yule aliyepata subira ya kuinua mkono kwenye pigo la pili na la nne.

Nisimfanye malaika pia. Katikati ya miaka ya 1980, akiwa ameshapita umri wa miaka 40, umri ambao wengi huanza kutulia, alitumbukia katika pombe na heroini, na alisema waziwazi baadaye kwamba nusura apoteze ndoa yake na kila kitu. Alianguka ngazini alipokwenda kuchukua chupa ya mvinyo, akavunjika kifundo cha mguu, na hapo akaacha. Mwaka 2004 alipatwa na saratani ya koo, akatibiwa, akapona, akarudi kitini.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa na picha tuliyo nayo ya wanamuziki wa roki. Alimwoa Shirley mwaka 1964 na wakaishi pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Shirley naye alimfuata Desemba 2022. Walifuga farasi wa Kiarabu huko Devon. Alinunua magari ya kale ya kifahari ingawa hakuwa na leseni ya udereva. Hakupenda safari za muziki hata kidogo, na tangu mwaka 1967 alijiwekea desturi ya kuchora kila kitanda cha hoteli alicholalia. Fikirini madaftari hayo, kitanda baada ya kitanda, mji baada ya mji, mito na shuka zisizo na mtu. Wengine walirudi safarini na hadithi zisizosimulika mbele ya watoto, yeye akarudi na michoro ya vitanda. Wengi humu ukumbini mmelala vitanda vingi visivyo vyenu kabla ya kupata pa kujistiri katika nchi hii, na nadhani mnamwelewa bila mimi kueleza.

Mimi nilimwona uso kwa uso mara moja tu, kama kuwa umbali wa uwanja mzima kunaitwa uso kwa uso. Ilikuwa tarehe 25 Mei 2018, katika uwanja wa London Stadium kule Stratford, na tiketi ilinigharimu fedha ambazo mke wangu hakuambiwa kiasi chake hadi leo hii. Nilibeba darubini ya mwanangu ya kutazamia ndege. Watu waliokuwa kando yangu walimfuata Jagger akikimbia huku na huko katika umri wa miaka 74, nami nikaielekeza darubini nyuma, kwa mzee mwembamba mwenye mvi aliyekaa wima kama karani. Uso wake haukusema lolote. Mkono wa kulia ulikuwa ukiinuka. Jagger alipowatambulisha wanakundi mmoja mmoja na jina la Charlie likatajwa, uwanja ulinguruma, na yeye akawa kama mtu aliyetajwa kwa makosa katika sherehe ya mwingine.

Mwezi Agosti 2021 ilitangazwa kwamba hatakwenda katika ziara ya Marekani kwa sababu ya matibabu, na nafasi yake itashikwa na Steve Jordan. Keith amesimulia kwamba ni Charlie mwenyewe, miaka mingi kabla, aliyemwambia kuwa akitaka kufanya kazi nje ya kundi basi Jordan ndiye mtu wake. Wiki chache baada ya tangazo hilo akafariki. Kundi liliporudi jukwaani huko St. Louis mwishoni mwa Septemba, onyesho lilianza jukwaa likiwa tupu, picha zake zikipita katika skrini, na mdundo wa dramu peke yake ukisikika. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2023, walitoa albamu mpya, na katika nyimbo mbili ni yeye anayepiga, katika rekodi alizoziacha. Nilizisikiliza mara ya kwanza jikoni nikiosha vyombo, na ulipofika wimbo wake wa kwanza sikuhitaji kusoma jina la mpigaji. Nilifunga bomba la maji.

Sasa namwomba kijana wetu aliye kwenye mitambo atuwekee ule mkanda. Ni onyesho la Havana, Cuba, Machi 2016, la bure, mbele ya umati ambao mwisho wake hauonekani. Jagger atapita mbele ya kamera mara nyingi, tena amevaa nguo za kumeremeta, na mtashawishika. Mwacheni apite. Tazameni nyuma, upande wa kulia wa yule mzee, hesabuni kimoyomoyo hadi mbili, halafu hadi nne.